Printa ipo kwenye Notepad, lakini Excel haioni

Swali kutoka kwa msomaji wa Morogoro: "Habari za kazi. Mimi ni mhasibu msaidizi, na siku tatu kwa wiki nafanyia kazi nyumbani. Naingia kwenye seva ya kampuni iliyoko Dar es Salaam kwa Remote Desktop. Printa yangu ni HP LaserJet, nimeichomeka kwa waya wa USB kwenye laptopu. Nikifungua Notepad ndani ya seva, printa naiona na karatasi inatoka vizuri. Nikienda Excel au Word, haipo. Kinachonichanganya ni kwamba asubuhi mara nyingi ipo, ikifika mchana imepotea. Fundi wetu ameshaiondoa Office na kuiweka upya mara mbili, hali ni ileile. Tarehe 20 ya kupeleka ritani ya VAT iko mlangoni. Nifanyeje?"

Pole sana dada. Tuanze na tarehe 20, maana ritani haisubiri fundi.

Ndani ya Excel hiyohiyo inayokunyima printa, karibu kila mara utaikuta "Microsoft Print to PDF". Hiyo ni ya seva yenyewe, haitegemei laptopu yako. Imekuwa ikija na Windows tangu Windows 10 na Windows Server 2016. Iteue, bofya "Print", na dirisha la kuhifadhi faili likifunguka nenda "This PC". Ukiona pale diski iliyoandikwa "C on" ikifuatiwa na jina la laptopu yako, hiyo ndiyo diski ya nyumbani. Usipoiona, andika \\tsclient\C kwenye mstari wa juu wa dirisha hilo, ubonyeze Enter. Ingia kwenye folda ya "Users", kisha yenye jina lako, kisha "Documents", uhifadhi humo. Usihifadhi kwenye C tupu, Windows itakukatalia. Faili litatua kwenye laptopu na utaliprinti kama karatasi nyingine yoyote. Kama kampuni imefunga diski zisipite, mwombe fundi akuonyeshe folda ambayo wote wawili mnaifikia. Kazi itatoka, hata kama ugonjwa haujapona.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mambo mawili uliyoyaandika yamenipunguzia kazi kubwa: kwamba Notepad inaiona printa, na kwamba asubuhi ipo, mchana haipo. La kwanza linatuambia kwamba waya, printa, draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa) na ruhusa za seva vyote ni vizima. Kama kimojawapo kingekuwa kibovu, Notepad nayo isingeprinti. La pili linatuambia kwamba kuna kitu kinatokea katikati ya siku, na nadhani nakijua.

Printa yako haihamii Dar es Salaam. Unapoingia, laptopu inaiambia seva, "mimi nina printa hizi na hizi," na seva inatengeneza kivuli cha kila moja ndani ya sesheni yako, yaani kikao chako cha kazi kwenye seva. Ukifungua orodha ya printa humo utakiona: jina la printa yako, kisha neno redirected, kisha namba, vyote viwili kwenye mabano. Namba hiyo ni namba ya sesheni yako kwenye seva. Leo inaweza kuwa 2, kesho 5, kutegemea wangapi wameingia kabla yako. Unapoprinti, seva inaandaa ukurasa, inaupitisha kwenye njia ileile ya intaneti unayoitumia kuona skrini, na laptopu inaukabidhi kwa printa. Tangu Windows Server 2008 kazi hiyo hufanywa na draiva moja ya jumla iitwayo "Remote Desktop Easy Print", ili fundi asilazimike kuweka kwenye seva draiva ya kila printa ya kila mfanyakazi.

Kivuli hakikai mwili ukiondoka. Muunganisho ukikatika, seva inakiondoa. Ukirudi, inakitengeneza upya, na hilo huchukua sekunde kadhaa, au zaidi ikiwa intaneti ni ya simu na mtandao umeelemewa.

Excel ina tabia yake. Haiwezi kupanga kurasa bila kujua printa, kwa sababu mahali ukurasa unapokatika hutegemea karatasi na kingo ambazo printa inaruhusu. Ndiyo maana kompyuta isiyo na printa hata moja hukataa kukuonyesha mpangilio wa kurasa kwenye Excel, ingawa hujaomba kuprinti chochote. Kwa hiyo inapofunguka tu huiuliza Windows printa kuu ni ipi, na jibu inaloambiwa hulishikilia. Word nayo iko hivyohivyo. Notepad haina shida hizo: umeifungua sasa hivi, imeuliza sasa hivi, imejibiwa ya sasa hivi. Excel uliyoifungua saa mbili asubuhi bado imeshika jibu la saa mbili asubuhi.

Jiulize basi, katikati ya siku nyumbani kwako hutokea nini? Umeme unakatika na ruta inazima. Bando linaisha unaongeza. Unakwenda kunywa chai, laptopu inalala. Ukirudi, Remote Desktop inajiunga yenyewe au unaiunga wewe, na unakuta jedwali lako liko vilevile, hata kishale kiko kwenye seli ileile. Inaonekana kana kwamba hakuna kilichotokea. Kumbe chini yake printa zimeondolewa na kutengenezwa upya, na Excel iliyokuwa wazi muda wote huo haina habari.

Jaribu hivi mara ijayo printa itakapopotea. Hifadhi kazi zako, kisha funga Excel na Word zote. Nasema zote kwa sababu tangu Excel 2013 kila jedwali lina dirisha lake, lakini madirisha yote kwa kawaida ni Excel moja tu kwa ndani. Ukifunga moja na kubakiza mengine mawili nyuma, hujafunga kitu. Kisha bonyeza Ctrl, Alt na End kwa pamoja. Vitufe hivyo ndivyo hufanya ndani ya seva kile ambacho Ctrl, Alt na Delete hufanya kwenye laptopu. Chagua "Task Manager", uangalie kama "Microsoft Excel" bado imo, hasa kwenye sehemu ya "Background processes". Mara nyingi utaikuta imebaki imejificha, haina dirisha. Iteue, bofya "End task". Sasa nenda "Settings" ndani ya seva, fungua "Printers & scanners", subiri mpaka uione printa yako na jina lake refu. Ikishaonekana, ndipo ufungue Excel.

Printa ikionekana ndani ya Excel, tumeshapata jibu, na dawa yake ni mazoea mawili. La kwanza ni jioni. Wengi wetu tunatoka kwa kubofya alama ya X iliyo juu ya skrini, na X haikutoi. Inakata muunganisho tu na kuiacha sesheni ikiwa hai kule seva, Excel zake zikiwa wazi, hata kwa siku kadhaa kama fundi hakuweka kikomo. Toka kwa "Sign out". Kesho utaanza na sesheni mpya, safi. Zoea la pili ni asubuhi: ukishaingia, usikimbilie Excel. Angalia kwanza printa zimefika. Na kama Outlook au Excel imewekwa ijifungue yenyewe unapoingia, iondoe kwenye "Startup", kwa sababu yenyewe itafunguka kabla printa hazijafika, na hapo hata asubuhi utaikosa.

Kuna mhusika wa pili, naye huenda pamoja na huyu. Windows 10 ya Novemba 2015 ilileta kitu kiitwacho "Let Windows manage my default printer", kinachofanya printa uliyoitumia mwisho iwe ndiyo printa kuu. Kwa mtu mwenye kompyuta moja ni sawa. Kwa mtu wa Remote Desktop ni balaa, kwa sababu printa kuu inaweza kuwa kivuli cha juzi chenye namba ya sesheni ambayo haipo tena. Ndani ya seva, si kwenye laptopu, kizime. Kisha fanya jambo linaloonekana dogo lakini limeniokoa mara nyingi: ifanye "Microsoft Print to PDF" kuwa printa kuu, kisha irudishe HP yako kuwa printa kuu. Kwa kufanya hivyo Windows inalazimika kuandika upya kumbukumbu ya printa kuu kwenye Registry yako (daftari la mipangilio ya Windows), na jina bovu lililokuwa limeganda pale linafutika bila wewe kugusa Registry kwa mkono.

Na hapo ndipo naomba nizungumze na fundi wako kwa heshima zote. Kaka, kuondoa Office na kuiweka upya kusingesaidia hata ungerudia mara kumi. Office haina orodha yake ya printa, inaiuliza Windows. Printa kuu ya mtumiaji imeandikwa kwenye sehemu yake ya Registry, HKEY_CURRENT_USER, ndani ya Software, Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, kisha Windows, kwenye thamani iitwayo Device. Orodha ya printa zake iko jirani, kwenye Devices na PrinterPorts. Hizo haziguswi na kisakinishi cha Office. Umeitoa Office, umeirudisha, na imekuta jina bovu lilelile likiisubiri. Kama kampuni inatumia profaili zinazomfuata mtumiaji, ubovu huo unasafiri naye hata akihamishiwa seva nyingine.

Kitu kingine unachopaswa kukiangalia, kaka, ni kama Office iliyoko kwenye seva ni ya biti 32. Fungua Excel, "File", "Account", kisha "About Excel", utaona juu kabisa. Programu ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64 huprinti kupitia mkalimani aitwaye splwow64.exe. Notepad ya Windows hiyo ni ya biti 64, kwa hiyo haimhitaji. Mkalimani akiganda, utaona hasa kile anachokiona dada huyu: Notepad inaprinti, Office haiwezi. Mtafute kwenye Task Manager, chini ya jina la mtumiaji huyo, umfunge. Windows itamwita upya yenyewe Office ikimhitaji. Ni kazi ya sekunde chache, na nimewahi kumwona mtu akipoteza siku mbili nzima kwa kutoijua.

Dada, kuna swali hukuuliza lakini kwa kuwa uko uhasibu nitaligusa. Kama kuna jedwali lenu la ankara lenye kitufe cha kuprinti, na kitufe hicho kinaleta kosa namba 1004, angalieni makro, yaani amri zilizoandikwa nyuma ya kitufe hicho. Excel huiita printa kwa jina lake pamoja na neno on na kituo chake, kama Ne03 na nukta mbili. Aliyeandika makro akiwa kwenye sesheni namba 2 amelifunga jina hilo humo na namba zake. Kesho sesheni ni ya 5, kituo ni Ne07, na makro inaita mtu asiyekuwepo. Makro iisome ile orodha ya Devices niliyoitaja na kutafuta printa inayoanza na jina la HP yako, isiandikiwe jina zima.

Wapo watakaosoma hapa ambao hata Notepad haiioni printa. Kwao safari ni nyingine, na huanzia kwenye laptopu. Fungua "Remote Desktop Connection", bofya "Show Options", nenda "Local Resources", uone kama "Printers" ina tiki. Ukiwa unatumia faili la rdp ulilotumiwa na kampuni, bofya kulia ulifungue kwa Notepad, utafute mstari usemao redirectprinters:i:1. Ikiwa mwisho ni 0, umeshampata mchawi. Pia faili hilo linapofunguka huleta dirisha la onyo lenye visanduku vya vitu vinavyoruhusiwa kupita, na watu wengi hubofya haraka bila kuona kwamba printa haina tiki. Ukiwa unaingia kwa simu ya Android au iPhone, usijisumbue: huko printa yako haipiti, tumia njia ya PDF.

Laptopu ikiwa sawa, kazi ni ya msimamizi wa seva. Huduma mbili lazima ziwe zinafanya kazi: "Print Spooler", na "Remote Desktop Services UserMode Port Redirector", ambayo wengi huisahau. Hiyo ya kwanza ina historia yake. Julai 2021 lilifichuka pengo la usalama lililoitwa PrintNightmare, CVE-2021-34527, lililomwezesha mshambuliaji kuitawala kompyuta kupitia Print Spooler. Mafundi wengi, kwa haki kabisa, waliizima huduma hiyo kwenye seva zao, na zipo seva ambazo hakuna aliyekumbuka kuiwasha tena baada ya kuweka masasisho. Agosti mwaka huohuo Microsoft ikabana zaidi, ikawa draiva za printa haziwekwi ila na mwenye haki za msimamizi. Kwenye Group Policy, fundi aangalie "Printer Redirection" chini ya "Remote Desktop Session Host": kuna sera ya "Do not allow client printer redirection" inayoweza kuwa imewashwa, na ile ya "Use Remote Desktop Easy Print printer driver first" inayoweza kuwa imezimwa. Hiyo ya pili ikizimwa, seva hutafuta draiva yenye jina lilelile la printa yako, isipoipata hujaribu Easy Print, nayo ikishindikana huandika tukio namba 1111 kwenye Event Viewer (daftari la matukio la Windows) na kuendelea kimya kimya. Ukiliona 1111, huna haja ya kubahatisha tena. Tukio lenyewe linataja printa na draiva inayokosekana.

Easy Print nayo haifai kila mahali. Printa za risiti na zile za Epson LQ za kugonga herufi, ambazo ofisi nyingi bado zinazitumia kwa hati zenye nakala, huwa nzito nayo na mara nyingine hukata karatasi pasipofaa, kwa sababu inazituma kurasa kama picha badala ya herufi ambazo printa hizo zimezoea. Kwa hizo, ni bora draiva yake halisi iwekwe pande zote mbili.

Na tafadhali, mtu akikuambia dawa ni kumpa mtumiaji haki za msimamizi wa seva, mkatalie. Nilishuhudia kampuni moja wakifanya hivyo. Kweli printa ya mhusika ilionekana, kwa sababu msimamizi huona printa zote. Lakini huona printa zote za watu wote. Mwisho wa mwezi dada wa mishahara alichagua jina lililofanana na la kwake kwenye orodha ndefu, na karatasi za mishahara ya ofisi nzima zikatoka kwenye printa ya tawi lingine, mbele ya vijana wa stoo. Alilia siku ile, na kosa halikuwa lake.

Kwa hiyo wewe, leo: PDF kwa ajili ya ritani, kisha kufunga Excel zote na kuifungua baada ya printa kufika, kisha kuizima ile ya Windows kujichagulia printa kuu, na jioni "Sign out". Ukiyafanya hayo kwa siku tatu na bado mchana inapotea bila mtandao kukatika, niandikie tena na vitu vitatu. Kwanza, Office yenu ni ya biti ngapi. Pili, bofya kulia printa yenye neno redirected, ingia "Printer properties", kisha "Advanced", uninakilie jina la draiva lililoandikwa pale. Tatu, mwombe fundi aangalie kama siku hiyo seva iliandika 1111, na saa ngapi.